"Sahihisha lugha tu": mhariri anyamaze anapoona hesabu hazikai?

SWALI

Mshauri, salamu na pole kwa kazi.

Mimi ni mhariri katika kitengo kinachowahudumia watafiti wa tiba. Tuko watatu. Tunasahihisha makala, tunapanga marejeleo, tunatengeneza vielelezo, na mara nyingine tunaandika sehemu nzima pale daktari anapokosa muda. Wiki mbili zilizopita daktari mmoja mwandamizi, ninayemheshimu sana, aliniletea rasimu ya makala kuhusu jaribio la dawa ya kipandauso. Utangulizi ulikuwa aya moja, na mjadala ulikuwa vidokezo saba tu. Aliniomba nivijaze. Nimeandika sehemu zote mbili kwa kufuata vidokezo vyake na makala alizonipa nisome.

Sasa nimefika mwisho na kuna mambo yananinyima usingizi. Ikisiri inasema washiriki walikuwa 214. Jedwali la kwanza lina 212, yaani 106 kila kundi. Katika aya moja ya matokeo kuna 209. Jedwali la pili linasema kipandauso kilirudi ndani ya saa 24 kwa watu 41 kati ya 106 waliopewa dawa mpya, yaani asilimia 38.7, na 57 kati ya 106 waliopewa dawa ya kawaida, yaani asilimia 53.8. Lakini ikisiri inataja asilimia 39.4 na 54.3. Vidokezo vya mjadala navyo vinasema dawa "ilipunguza hatari kwa asilimia 46", nami nimeandika hivyo hivyo. Jana nikafungua ukurasa wa usajili wa jaribio, nikakuta tokeo kuu lililosajiliwa, yaani kipimo kikuu cha jaribio, ni kurudi kwa maumivu ndani ya saa 48, si 24.

Nilipogusia jambo hili, daktari alinijibu kwa upole: "Binti yangu, wewe sahihisha lugha tu, hesabu niachie mimi na mtakwimu." Mwenzangu mmoja ofisini anasema yaliyomo kwenye majedwali hayatuhusu. Mwingine anasema nimeandika nusu ya makala, kwa hiyo nidai jina langu liwe miongoni mwa waandishi. Daktari mwenyewe ameniambia "nitakukumbuka". Rasimu ina majina tisa, likiwamo la mkuu wa idara ambaye sijaona mkono wake popote katika kazi hii.

Makala inatakiwa iwasilishwe baada ya siku kumi. Nianzie wapi? Na je, naruhusiwa kutumia programu ya akili mnemba kufupisha ikisiri, maana imezidi kikomo cha maneno?

Mhariri wa Nyuma ya Pazia

JIBU

Dada Mhariri,

Anza na hesabu, na uweke koma na nukta kando kwa siku moja. Kunyoosha lugha juu ya tarakimu zinazopingana ni kumpaka daktari mafuta kwa mgongo wa chupa: makala itang'aa, na mpitiaji wa kwanza wa jarida mwenye kikokotoo ataiangusha. Mwenzako anayesema majedwali hayawahusu amechanganya mambo mawili. Kuchambua data upya kweli si kazi yenu. Lakini kuhakikisha kwamba kitu kimoja kina tarakimu moja kuanzia ikisiri hadi mjadala ni uhariri hasa. Anayegundua kwamba ukurasa wa kwanza unasema 214 na wa tano unasema 212 hahitaji shahada ya takwimu. Amesoma tu.

Kabla hujamwendea tena daktari, fanya hesabu ya kurudi nyuma. Haichukui dakika tano. Chukua watu 41 ugawe kwa 0.394, unapata 104. Chukua 57 ugawe kwa 0.543, unapata 105. Jumlisha 104 na 105: ni 209, ile tarakimu iliyokushangaza katika aya ya matokeo. Kwa hiyo yaelekea aliyeandika ikisiri alitumia waliofuatiliwa hadi mwisho, na aliyetengeneza jedwali la pili alitumia wote waliogawanywa katika makundi. Hizo 214 huenda ni waliotia saini ridhaa, kisha wawili wakatoka kabla ya kugawanywa. Ikiwa ndivyo, tarakimu zote tatu ni za kweli, kila moja mahali pake, na tatizo ni kwamba zimewekwa kama zinahesabu watu walewale.

Nimesema "yaelekea" na "huenda" kwa makusudi. Hayo ni makisio yako, hayaingii kwenye makala. Yanakusaidia kuuliza swali zuri, na tofauti ni kubwa. Ukisema "hesabu hazikai," daktari atasikia lawama. Ukisema "naona 214 walikubali, 212 waligawanywa, 209 wakamaliza, je, ndivyo?" atasikia mtu aliyesoma kazi yake kwa makini, na atajibu kwa neno moja.

Dawa ya mkanganyiko wa aina hii ipo, nayo ni mchoro wa mtiririko wa washiriki. Mwongozo wa CONSORT, unaofuatwa na majarida mengi ya tiba kwa majaribio yanayogawanya washiriki kwa bahati nasibu, unautaka. Toleo lake la 2025 lina orodha hakiki ya vipengele 30 na mchoro huo. Masanduku yake yanashuka hivi: waliochunguzwa kama wanafaa, walioachwa na sababu zake, waliogawanywa, waliopokea tiba katika kila kundi, waliopotea katika ufuatiliaji na sababu zake, walioingizwa kwenye uchambuzi. Uchore wewe, ukiacha wazi masanduku usiyo na uhakika nayo, kisha mpelekee daktari ayajaze. Watu ambao hawasomi maswali ya mhariri kwenye barua pepe huwa hawavumilii kuona sanduku tupu.

Kuna jambo moja zaidi katika jedwali la pili ambalo hukulitaja, na ndilo ningelipa uzito. Ikiwa watu wawili wa kundi la dawa mpya walipotea na bado jedwali linasema 41 kati ya 106, basi hao wawili wamehesabiwa kana kwamba maumivu hayakurudi. Vivyo hivyo mmoja wa kundi la pili. Huenda mtakwimu aliamua hivyo, na huenda ana sababu nzuri. Lakini ni dhana, na sehemu ya mbinu lazima iitaje. Tafuta sentensi inayoeleza data zilizokosekana zilishughulikiwaje. Usipoiona, hilo ni swali lako la pili.

Sasa asilimia 46. Hapa umo ndani, kwa sababu sentensi hiyo imetoka mkononi mwako. Katika kundi la dawa mpya, maumivu yalirudi kwa 41 na hayakurudi kwa 65. Katika kundi la pili, 57 na 49. Gawanya 41 kwa 65, gawanya 57 kwa 49, kisha gawanya jibu la kwanza kwa la pili: unapata 0.54. Huo ni uwiano wa odi, yaani unalinganisha waliopatwa na wasiopatwa. Aliyeandika vidokezo aliondoa 0.54 kwenye 1, akapata 0.46, akaiita kupungua kwa hatari. Hatari ni kitu kingine: ni waliopatwa kati ya wote. Asilimia 38.7 ukigawanya kwa 53.8 unapata uwiano wa hatari wa 0.72, kwa hiyo hatari imepungua kwa asilimia 28, si 46. Kwa lugha ambayo daktari wa zamu ataielewa haraka zaidi, tofauti halisi ni pointi 15.1 za asilimia. Maana yake, wakitibiwa watu 7 hivi kwa dawa mpya badala ya ya kawaida, mmoja zaidi ataepuka maumivu kurudi katika saa 24.

Kosa hili limeenea kwa sababu vipimo hivyo viwili hukaribiana tokeo linapokuwa adimu. Tokeo likiwapata watu wawili kati ya mia, hutaona tofauti ya maana. Likiwapata nusu ya watu, kama hapa, uwiano wa odi unalitia chumvi. Hakuna ubaya kuripoti uwiano wa odi ikiwa ndio uliopangwa. Ubaya ni kuusimulia kwa neno "hatari". Na popote unapotaja 0.72 au 0.54, dai masafa yake ya uhakika ya asilimia 95, yaani kiwango cha chini na cha juu cha makadirio, kutoka kwa mtakwimu. Usiyakokotoe mwenyewe ukayaingiza, hata kama unajua njia, kwa sababu uchambuzi wake huenda umerekebishwa kwa mambo ambayo wewe huyaoni kwenye jedwali.

Saa 48 kugeuka 24 ni jambo zito kuliko yote uliyoyataja, na ndilo lisilo la hesabu kabisa. Majarida yanayofuata mapendekezo ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambayo wengi huiita kwa herufi zake ICMJE, yanataka jaribio lisajiliwe kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa. Sharti hilo linahusu majaribio yaliyoanza kuandikisha watu kuanzia Julai 2005. Sababu yake ndiyo hii hii: mtafiti akipima maumivu mara kadhaa kisha akachagua saa iliyompendeza na kuiita tokeo kuu, ile thamani ya P, yaani uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo kwa bahati tu, inapoteza maana yake. Mpitiaji anaweza kufungua usajili kama ulivyoufungua wewe, na ukurasa huo kwa kawaida una historia ya mabadiliko pamoja na tarehe.

Usikimbilie kudhani ulaghai. Itazame hiyo historia kwanza. Inawezekana itifaki ilibadilishwa katikati, kamati ya maadili ikaidhinisha, na ukurasa wa usajili ndio haukusasishwa. Ikiwa ndivyo, sehemu ya mbinu iseme lini tokeo lilibadilishwa, kwa nini, na kwamba ilikuwa kabla ya matokeo kujulikana, kama kweli ilikuwa hivyo. Ikiwa hakuna mabadiliko yaliyoidhinishwa, njia safi ni moja: saa 48 liripotiwe kama tokeo kuu hata kama halikuleta tofauti, na saa 24 liwekwe chini yake kwa jina lake halisi. Uamuzi huo ni wa waandishi. Kazi yako ni kuwaonyesha kwamba upo na unawasubiri.

Namna ya kuuliza sasa. Usiandike maoni arobaini pembeni ya faili, ambamo swali la tokeo kuu limekaa katikati ya "nafasi mbili hapa" na "koma ihame". Tengeneza jedwali la maswali la safu tano: mahali ilipo, kilichoandikwa, nilichokiona, swali, nani anajibu. Liwe ukurasa mmoja, maswali sita au saba kwa uzito wake, na tokeo kuu likae juu. Mstari mmoja uwe kama huu: "Ukurasa wa 2, ikisiri, mstari wa 9; asilimia 39.4 na 54.3, jedwali la pili lina 38.7 na 53.8, je, ikisiri itumie wote 212 au 209 waliofuatiliwa?; mtakwimu." Mpelekee daktari na mtakwimu katika barua moja, si mbili tofauti, la sivyo kila mmoja atadhani mwenzake amejibu. Na usibadilishe tarakimu yoyote kimyakimya ndani ya rasimu, hata ile ambayo ni kosa la uchapaji waziwazi. Mhariri anayerekebisha tarakimu bila kuuliza, siku atakayokosea hatakuwa na pa kujificha.

Kwa kuwa daktari amekwisha kukwambia uache hesabu, barua yako ifuate maneno yake mwenyewe. Kitu kama: "Daktari, shikamoo. Nimekamilisha lugha. Kuna sehemu sita ambazo siwezi kuzifunga kwa sababu ikisiri, majedwali na usajili vinatofautiana, na mpitiaji atazikuta. Nimeziorodhesha ili wewe na mtakwimu mziamue. Mimi sijabadilisha kitu." Hujamfundisha takwimu wala hujamvunjia heshima. Umeyarudisha maswali kwa wenye hesabu, kama alivyotaka, ila kwa maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye uhariri daftari ni hiyo barua.

Akikataa? Mshirikishe mkuu wa kitengo chako ukiwa na jedwali la maswali mkononi, si kwa malalamiko ya mdomo. Taasisi nyingi zina ofisi ya maadili au ya uadilifu wa utafiti. Mkuu wako ndiye wa kuamua kama suala liende huko. Wewe binafsi una haki moja iliyo wazi: kuomba jina lako lisitajwe kwenye makala ambayo huwezi kuitetea. Ni hatua ya mwisho, usiitumie kama tishio la mwanzo. Kwa uzoefu wa kazi hii, watafiti wengi hurekebisha wakishaona jedwali, kwa sababu hakuna anayetaka kuumbuliwa na mpitiaji.

Tuje kwenye jina. Mwenzako anayekushauri udai uandishi anapima kwa idadi ya maneno, na kipimo si hicho. ICMJE ina masharti manne, na yote manne hutakiwa kwa pamoja: mchango mkubwa katika wazo au usanifu wa utafiti, au katika kukusanya, kuchambua au kufasiri data; kuandika rasimu au kuihakiki kwa kina upande wa maarifa; kuidhinisha toleo la mwisho; na kukubali kuwajibika kwa kazi yote, hata kwa swali litakaloulizwa kuhusu sehemu aliyoifanya mwingine. Umetimiza la pili bila ubishi. La kwanza, kwa maelezo yako, hapana: vidokezo vilikuwa vya daktari, nawe ulivigeuza kuwa aya. Mapendekezo hayohayo yanataja msaada wa uandishi, uhariri wa lugha na usomaji wa prufu kuwa kazi ambazo peke yake hazimfanyi mtu mwandishi.

Hata hivyo pima kwa haki. Kama kwenye mjadala ulitafuta makala mwenyewe, ukaona matokeo yanapingana na ya wengine na ukapendekeza sababu ambayo daktari hakuwa nayo, hapo umeingia kwenye kufasiri data. Basi zungumza na daktari kuhusu uandishi, ukijua kwamba utakuwa pia umekubali sharti la nne. Ungekuwa tayari kusimama mbele ya watu na kujibu kwa nini saa 48 ziligeuka 24? Kama jibu ni hapana, shukrani ndiyo mahali pako sahihi, na si mahali pa aibu.

Lakini "nitakukumbuka" ni kilemba cha ukoka. Mtu aliyeandika utangulizi na mjadala, kisha asitajwe popote, ni mwandishi wa kivuli, na kasoro hiyo ni ya makala, si ya hisia zako: msomaji ana haki ya kujua nani aliandika na nani alilipa. Mwaka 2017 vyama vitatu vya waandishi wa tiba, AMWA, EMWA na ISMPP, vilitoa msimamo wa pamoja unaotaka msaada wa mwandishi wa kitaalamu utajwe wazi pamoja na aliyeugharimia. Mpelekee daktari sentensi iliyokwisha kutengenezwa, kwa sababu asiye na muda wa kuandika mjadala hatakuwa na muda wa kutunga shukrani: "Tunamshukuru" na jina lako, "wa kitengo cha uhariri, aliyeandika rasimu ya kwanza ya utangulizi na mjadala kwa kufuata vidokezo vya waandishi, na kuhariri makala nzima. Kazi yake iligharimiwa na" fulani. Itaje kazi yenyewe. "Kwa msaada wake mkubwa" haisemi lolote. Kisha mpe ruhusa yako ya maandishi, maana ICMJE inahimiza majarida kudai idhini ya kila anayeshukuriwa: kutajwa kunaweza kusomeka kama kuunga mkono matokeo.

Mkuu wa idara ni upande wa pili wa sarafu hiyo. Usimamizi wa jumla wa kikundi na kutafuta fedha, peke yake, havitoshi kumpa mtu uandishi. Ila si wewe wa kufuta jina lake. Kila mwandishi apewe fomu ya michango. Majarida mengi hutumia mgawanyo wa CRediT wenye majukumu 14, kuanzia wazo na mbinu hadi uandishi wa rasimu na usimamizi. Mwandishi wa mawasiliano, yule anayewasiliana na jarida kwa niaba ya wenzake, aikusanye. Penye jina lisilo na jukumu hata moja, karatasi yenyewe itauliza, nawe hutakuwa umefungua mdomo.

Kuhusu akili mnemba, jibu fupi: soma masharti ya jarida unalolengea kwanza. Tangu 2023 ICMJE inataka waandishi waeleze walivyotumia teknolojia hiyo, na inakataza kuiorodhesha kama mwandishi. Kwa hiyo huwezi kuitumia bila daktari kujua, kwa sababu yeye ndiye atakayetia saini tamko. Na rasimu ambayo haijachapishwa ni siri ya wenyewe. Usiibandike kwenye programu ya umma bila idhini. Kwa kazi hii hasa, sikushauri. Programu ikifupisha ikisiri inaweza kudondosha kipimo cha mgawanyo, kinachoonyesha data zilivyotawanyika, au kugeuza "inahusishwa na" kuwa "inasababisha", nawe utatumia muda uleule kuikagua. Maneno ya ziada yanatoka kwa mkono: futa sentensi ya pili ya usuli, futa jina la programu ya takwimu, futa "matokeo haya yanaonyesha umuhimu wa utafiti zaidi". Usiguse idadi ya washiriki, tokeo kuu, masafa ya uhakika, madhara ya dawa wala namba ya usajili.

Siku kumi zinatosha ukizipanga kwa kufuata majibu ya watu, si kwa kufuata kurasa. Leo na kesho tengeneza mchoro na jedwali la maswali, uyatume. Wape siku tatu, na uwaambie tarehe, si "mapema iwezekanavyo". Wakati unasubiri, fanya yasiyotegemea majibu: marejeleo, vielelezo, orodha hakiki, barua ya kuambatisha. Mjadala uliouandika usiuguse hadi majibu yaje, kwa sababu kama saa 48 ndilo tokeo kuu, aya yake ya kwanza itaandikwa upya yote. Siku ya nane waandishi wote wapate toleo moja la mwisho kwa uidhinisho wa maandishi. Siku ya tisa pandisha faili kwenye mfumo wa jarida lakini usibonyeze kitufe cha mwisho. Hicho ni cha mwandishi wa mawasiliano, baada ya kuifungua ile PDF inayotengenezwa na mfumo. Hapo ndipo herufi za Kigiriki hugeuka visanduku na jedwali pana likakatwa upande wa kulia.

Katika marejeleo, usiamini programu ya kuyapanga. Fungua kila chanzo kinachobeba hoja nzito uone kama kweli kinasema kile kinachodaiwa, na kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, angalia kama hakijaondolewa. Majedwalini tafuta P=0.000, ambayo haipo duniani, iandikwe P<0.001. Alama ya ± bila maelezo haisemi kama ni mkengeuko sanifu (watu wanavyotofautiana) au kosa sanifu (mashaka juu ya wastani), nalo la pili siku zote ni dogo na hupendeza macho, kwa hiyo uliza. Picha zikaguliwe kwa ukubwa zitakaochapishwa. Majarida mengi hutaka nukta 300 kwa inchi kwa picha za kawaida na zaidi kwa michoro ya mistari, na kuipanua picha ndogo ndani ya programu hakuongezi kitu.

Mambo mengi uliyoyalalamikia yangekwisha siku daktari alipoleta rasimu, kama kitengo chenu kingekuwa na fomu ya kupokea kazi. Ukurasa mmoja unatosha, na bila hiyo faili haifunguliwi. Iulize: jarida linalolengwa na kikomo chake cha maneno, namba ya usajili na ya kibali cha maadili, jina la mtakwimu na barua pepe yake, matokeo ghafi ya uchambuzi kama yalivyotoka kwenye programu, si majedwali yaliyochapwa upya kwa mkono, majina ya waandishi na mchango wa kila mmoja, tarehe. Kisha aina ya huduma, achague moja. Ya kwanza ni kusahihisha lugha. Ya pili ni uhariri wa kina, yaani mpangilio, ulinganifu wa tarakimu na orodha hakiki. Ya tatu ni kuandika pamoja, na hapo mhariri anakutana na waandishi kabla ya neno la kwanza, wakakubaliana ujumbe mkuu na muhtasari wa kila sehemu. Mbele ya kila aina iandikwe mhariri atatajwaje: ya kwanza kwa hiari ya waandishi, ya pili na ya tatu lazima kwenye shukrani, na ya tatu ijadiliwe kama kuna sababu ya uandishi.

Kazi ikibadilika katikati, kama yako iliyoanza kwa utangulizi wa aya moja ikaishia sehemu mbili nzima, fomu ijazwe upya. Tengeneza ya kwanza kwa kazi hii hii, uiambatishe kwenye barua ya maswali. Daktari akitia alama kwenye "kuandika pamoja", suala la "sahihisha lugha tu" atakuwa amelifunga mwenyewe.